Pedi moja kwa mashine zote?

Muuzaji aligeuza boksi la pedi ya kuchezea gemu akanionyesha upande wa nyuma wa boksi. Nembo tano zimepangwa mstari mmoja: PS3, PS4, PC, Android, Switch.

"Mgosi, hii inashika mashine zote," akasema, kidole kikipita juu ya nembo moja baada ya nyingine.

Tulikuwa Ngamiani, hapa Tanga, kwenye duka dogo la chaja na spika, Jumamosi jioni, muziki wa duka la jirani umetufunika kiasi kwamba tunaongea kwa kupaza sauti. Nikamuuliza kama anayo mashine hata moja hapo tuijaribu. Hana. Na nikifika nyumbani ikakataa, nairudisha? Akacheka. Kicheko cha adabu, cha mtu anayejua kuwa jibu ninalo.

Sikununua.

Lakini zile nembo tano zikanikaa kichwani wiki baada ya wiki, kwa sababu boksi lile limetengenezwa kwa ajili ya watu kama mimi. Nyumbani kuna PS4, yaani PlayStation 4 ya Sony, ya mtumba ambayo mpwa wangu anaihesabu kuwa mali yake. Kuna kompyuta yangu ya kazi, ambayo ikishapita saa mbili usiku si ya kazi tena. Kuna simu. Na kuna Nintendo Switch aliyoiacha binamu yangu alipokuja likizo kutoka Muscat. Droo ya chini ya meza ya TV imejaa pedi, na ukitaka moja inayofanya kazi sawasawa kwenye mashine unayotaka kucheza, unatafuta.

Nilitaka pedi moja tu, nzuri, inayokwenda kote. Lile boksi linasema ipo. Je, ipo kweli?

## Bluetooth haitoshi

Kwa hesabu ya haraka, sikuona kwa nini isiwepo. PS4 inatumia Bluetooth, Switch inatumia Bluetooth, simu vilevile, kompyuta vilevile. Pedi yenye Bluetooth ingetosha kumaliza mjadala.

Kumbe Bluetooth ni njia tu ya kufika mlangoni. Mlangoni kila mashine ina masharti yake, na masharti hayo hayajawekwa na ufundi. Yamewekwa na biashara.

PS4 ndiyo iliyonishangaza zaidi. Pedi ikishaungana nayo, mashine huitumia swali la siri, na pedi inapaswa kujibu kwa kutumia funguo zilizofichwa ndani ya chipu yake. Isipojibu, haifukuzwi papo hapo. Inaachwa icheze. Kisha baada ya kama dakika 8 inakatwa, uwe unaongoza mbili bila au uwe unajiandaa kupiga penalti. Kopi zinazouzwa mitaani zinapita kwa sababu watengenezaji wake wamepata namna ya kulijibu swali hilo, na ndiyo maana mabanda ya gemu ya Makorora bado yako wazi.

Usidhani basi kwamba pedi mpya ya Sony itakubaliwa na mashine ya zamani ya Sony. DualSense, iliyotoka na PS5 mwaka 2020, haichezi kwenye PS4. Na DualShock 4, yaani pedi ya PS4, ukiipeleka kwenye PS5 inacheza gemu za PS4 tu. Ukiweka gemu ya PS5 unaambiwa utafute pedi nyingine. Kampuni ileile, Bluetooth ileile, batani zilezile kwa majina.

Switch haina ukali huo. Yenyewe inachotaka ni pedi ijitambulishe kwa namna ya pedi za Nintendo, basi. Ndiyo maana pedi za kampuni nyingine zinazoingia Switch ni nyingi kama utitiri. Ila DualShock 4 haijui kujitambulisha hivyo, kwa hiyo ukiipeleka mikono mitupu hata haionekani.

Kompyuta inapokea kila kitu lakini haielewi kila kitu. Tangu Xbox 360, mashine ya gemu ya Microsoft, ilipotoka mwaka 2005, gemu nyingi za Windows huandikwa zikitarajia pedi ya Xbox, kwa utaratibu unaoitwa XInput. Ukichomeka pedi ya namna nyingine unahitaji mkalimani katikati. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, wanao: waliweka DualShock 4 mwishoni mwa 2016, ya Switch mwaka 2018, DualSense ilipotoka tu. Nje ya Steam kuna programu ya bure, DS4Windows, inayoifanya DualShock ionekane kama ya Xbox.

Simu, kuanzia Android 10, inazijua DualShock 4 na pedi za Xbox zenye Bluetooth. Kwangu hiyo inatosha. Simu naitumia kwa PPSSPP, programu inayoiga PSP, ile PlayStation ya mkononi, na gemu zake, na ninaposafiri kwenda Dar kwa basi ndiyo burudani yangu yote.

## "Na PS, mjomba?"

Kwa muda fulani niliamini nimepata jibu. Kuna pedi ya 8BitDo, kampuni ya China, inaitwa Pro 2, na mgongoni ina swichi ndogo yenye herufi nne: S, A, D, X. S ni Switch. A ni vifaa vya Apple. D ni Android. X ni Windows. Unasogeza swichi, pedi inabadilisha utambulisho wake. Hakuna ubishi wala programu ya kupakua. Mtu aliyeibuni alikuwa anafikiria nyumba kama yangu.

Nilikuwa namuonyesha mpwa wangu picha zake kwenye simu. Yuko darasa la saba, na hana subira na maelezo yangu. Akazisoma zile herufi.

"Na PS, mjomba?"

Haipo.

Nilijaribu kujishawishi. PS4 ina pedi yake moja nzima, niiache iendelee hivyo hivyo, hii nyingine iwe ya mashine tatu. Lakini hiyo ilikuwa ni kukubali pedi mbili, na pedi ile ya PS4 nayo iko ukingoni. Ndipo nikaona kwamba muda wote nilikuwa nauliza kwa kuanzia upande wa pedi: ipi ina nembo nyingi? Wakati mashine zangu hazilingani hata kidogo kwa ukaidi. Tatu kati yake zinaweza kubembelezwa kwa programu au kwa adapta. Moja haibembelezeki.

Kwa hiyo mkaidi ndiye anayechagua, wengine wanafuata.

Mkaidi wangu ni PS4. PS4 inataka DualShock 4. Kompyuta inaikubali kupitia Steam. Simu inaikubali yenyewe. Imebaki Switch, na kwa Switch kuna adapta ndogo ya USB, zipo za 8BitDo na za Mayflash, unaichomeka kwenye kituo chake cha kuunganishia TV na inakaa katikati kama mkalimani wa pedi za PlayStation na Xbox. Niliipata Kariakoo kupitia kwa rafiki, ikapakiwa kwenye basi, nikaifuata stendi ya Kange ndani ya bahasha iliyozungushiwa gundi ya karatasi nyingi kuliko ilivyohitajika.

Wenye nyumba tofauti na yangu watapata jibu tofauti. Kama mkaidi wako ni Xbox, usihangaike: ile ina ukali kuliko wote, na mwezi Novemba 2023 Microsoft walianza kuzuia hata vifaa vya watu wengine visivyoidhinishwa vilivyokuwa vikifanya kazi miaka yote. Nunua ya kwao. Uzuri wake ni kwamba pedi za Xbox One na za Series zinaingiliana, na kwenye Windows hakuna pedi yenye raha kuliko hiyo. Angalia tu iwe na Bluetooth, maana za mwanzo za Xbox One hazina. Bluetooth ilikuja na Xbox One S mwaka 2016. Unazitambua hata bila kufungua boksi: kwenye zile za mwanzo, batani ya nembo imezungukwa na kipande cha plastiki inayong'aa kilichoungana na batani za juu. Na kama mkaidi wako ni PS5, DualSense, hamna mjadala.

Ukiwa huna hata mmoja kati ya hao wakali, una Switch, kompyuta na simu tu, basi wewe ndiye mwenye bahati. Chukua ile yenye herufi nne.

## Vidole navyo vina maoni yake

Kuna jambo ambalo nembo za boksi haziwezi kukuambia.

Kwenye Switch, A iko kulia na B iko chini. Kwenye Xbox, A iko chini na B iko kulia. Kwenye PS4 tulizonazo huku, X ya chini ndiyo ya kukubali. Kwa hiyo nikishika DualShock 4 kwenye Switch, dole gumba linakwenda chini kukubali, na mashine inasikia B: inarudi nyuma. Nimefuta safari nzima ya menyu kwa namna hiyo, nikaanza upya, nikafuta tena. Mpwa wangu akaona ni kichekesho. Ajabu ni kwamba Japani kwenyewe PlayStation ilikuwa na mtindo wa duara kukubali na X kukataa, hadi PS5 ilipokuja mwaka 2020 ndipo Sony wakawabadilishia.

Unaweza kupanga upya batani kwenye mipangilio ya Switch. Sasisho la Aprili 2020 liliruhusu. Lakini ukipanga upya, maandishi ya skrini yanabaki ya zamani, na sasa gemu inakuambia bonyeza A wakati A yako iko kwenye B. Nilikaa na mpangilio huo siku chache nikaurudisha ulivyokuwa. Vidole vyangu vilizoea haraka kuliko macho.

Kingine ni R2, batani ya nyuma inayobonyezwa kwa kidole cha shahada. Kwenye DualShock 4 na pedi za Xbox, batani ile ina safari: ukiikandamiza kidogo gari linakwenda taratibu, ukiizamisha linakimbia. Pedi ya Pro ya Nintendo haina safari hiyo. Ni kama swichi ya taa, imewaka au imezimika. Kwa mpira hutajua tofauti. Kwa gemu za magari kwenye kompyuta, utajua kwenye kona ya kwanza. Hii peke yake ingenitosha kutochukua pedi ya Nintendo kuwa pedi ya nyumba nzima, hata kama PS4 ingeikubali.

## Kumbukumbu fupi, waya mbovu

Sasa kero ambayo sikuitarajia.

DualShock 4 inakumbuka mashine moja tu kwa wakati. Ukishaiunganisha na kompyuta, PS4 imesahaulika. Kurudi PS4 unachomeka waya na kubonyeza batani ya PS. Kwenda kwenye simu, unashikilia Share na PS pamoja mpaka taa ianze kupiga haraka haraka, kisha unaitafuta kwenye orodha. Si kazi ngumu, ila ifanye kila jioni huku mtoto amesimama pembeni anauliza tayari bado, utaona uzito wake. Pedi za Xbox za sasa zina afadhali kidogo: zinakumbuka Xbox moja na kifaa kimoja cha Bluetooth, na unahama kwa kubonyeza batani ya kuunganisha mara mbili.

Dawa ni waya. Na hapo ndipo nilipopotezwa na waya.

Waya nyingi za USB tunazouziwa barabarani ni za kuchajia tu. Ndani yake kuna nyaya mbili za umeme, zile mbili za data hazimo. Kwa macho hutofautishi. Unachomeka, taa ya pedi inawaka rangi ya chungwa kuonyesha inachaji, PS4 haioni kitu, na unaanza kuilaumu pedi. Njia ya kujua ni rahisi: tumia waya huohuo kuunganisha simu na kompyuta. Kama kompyuta haikuulizi kuhusu picha na mafaili, waya huo ni wa chaja, uweke jikoni.

Niongeze kwamba DualShock 4 inatumia tundu la zamani la Micro-USB, ambalo hulegea ukilichomeka vibaya mara nyingi, na betri yake ni ya mAh 1000 dhidi ya 1560 za DualSense. Taa ya mbele inakula betri hiyo bila faida yoyote. Kwenye PS4 ipunguze mwanga kwenye mipangilio. Haizimiki kabisa. Sijui walikuwa wanawaza nini.

## Halisi na kopi

Ukishaamua DualShock 4, kuna swali lingine: DualShock 4 ipi? Kwa hapa Tanga, mpya iliyo halisi ni nadra. Kuna kopi mpya zinazong'aa, na kuna halisi za mtumba zenye mikwaruzo, nyingi zimetokea Dubai. Mie nachagua mikwaruzo.

Toleo la pili, lililotoka mwaka 2016, lina mstari mwembamba wa mwanga juu ya kile kibao cha kugusa, na likiwa kwenye waya linatuma data kwa waya pia. Hilo ndilo la kutafuta. Kwa kukagua, nilibeba kompyuta hadi dukani. Nikafungua mipangilio ya pedi ndani ya Steam nikaiinamisha kushoto na kulia kuona kama inahisi mwelekeo, nikapitisha vidole viwili juu ya kibao cha kugusa, nikachomeka spika za masikioni kwenye tundu lake. Kopi nyingi nilizoshika zilianguka kwenye moja ya hayo. Muuzaji (si yule wa mwanzo) alikunja uso kwa jaribio la kwanza, kufikia la tatu akawa anainama kuangalia skrini nami. Akatoa pedi nyingine mbili chini ya kaunta. "Na hizi je?"

## Kwa fundi

Halafu kuna analogi, vile vijiti vya kusukuma kwa dole gumba, na analogi ndiyo inayoua pedi.

Nilipeleka ile ya zamani, ambayo mchezaji alikuwa anatembea mwenyewe kuelekea kushoto hata ukiiweka mezani, kwa fundi wa simu ambaye ana meza yake ng'ambo ya uwanja wa Mkwakwani. Aliifungua kwa skurubu nne, akanyanyua bodi, akabandua kijumba cha kijani kibichi ubavuni mwa analogi. Ndani mlikuwa na kisahani cheusi na kidole chembamba cha chuma kinachokisugua. Kile cheusi ni kaboni. Kila ukisukuma analogi, kidole kinapita juu yake, na pedi inapima ukinzani wa umeme kujua umeisukuma kiasi gani. Kwenye kisahani changu kulikuwa na mfereji unaong'aa, mwembamba, umechimbika mahali pamoja. Akaugusa kwa ncha ya kibano.

"Hapa ndipo anapokimbilia winga wako," akasema.

Vumbi huongeza kazi. Unyevu na chumvi ya bahari navyo havisaidii. Sisi wa karibu na Raskazone tunajua vinavyofanya hata kwa bawaba za madirisha. Kusafisha kwa spiriti kunapoza kwa muda, lakini kaboni iliyoliwa hairudi.

Kuna analogi zisizogusana kabisa. Zinatumia sumaku, kwa kanuni aliyoigundua Edwin Hall, Mmarekani, mwaka 1879: sumaku inasogea, kifaa kinasoma mabadiliko yake, hakuna kinachosuguliwa. Si uvumbuzi wa juzi katika gemu. Dreamcast, mashine ya gemu ya Sega, ilikuwa nazo mwaka 1998. Miaka ya karibuni zimerudi kwa kishindo kwenye pedi za kampuni kama GuliKit na 8BitDo, na hapa nilisitasita kweli. Je, nimechagua pedi kwa sababu ya mashine moja kaidi halafu nimepata analogi zitakazoisha? Nilikaribia kuvunja uamuzi wote.

Kilichonirudisha ni kwamba analogi za sumaku huuzwa pekee pia, kwa ajili ya kuzipachika kwenye DualShock 4. Kazi yake ni kulehemu: kila analogi ina miguu 14, na ukizidisha moto unang'oa njia za shaba kwenye bodi. Fundi wangu hakutishika na hilo. Kilichomshangaza ni kwamba baada ya kupachika, analogi zilikaa pembeni, pedi haijui katikati ni wapi. Lazima iambiwe upya. Kwa bahati kuna zana ya bure inayofanya kazi ndani ya kivinjari cha Chrome: unachomeka pedi kwa waya (wenye data!), unazungusha analogi kama unavyoelekezwa, inaandika vipimo vipya ndani ya pedi. Kopi nyingi inazikataa mlangoni, jambo ambalo nalo ni kipimo kizuri.

Tulifanya kazi hiyo juu ya meza yake, kompyuta yangu ikiwa imeegemezwa kwenye boksi la skrini za simu, wateja wawili wamesimama wanaangalia. Nukta ya analogi kwenye skrini ikarudi katikati ikatulia. Mmoja wa wale wateja anamiliki banda la gemu Mikanjuni. Akauliza kama tunaweza kufanya hivyo kwa pedi sita.

Sasa fundi ananipigia kila anapomaliza kulehemu. "Mgosi, leta kompyuta." Naipeleka. Suala la malipo tumelizungumza mara moja tu, akaniagizia chai na kachori, na mpaka leo naona kama anahesabu kuwa yameisha.